Kununua Kompyuta Mpya ya Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bei na Thamani

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kununua kompyuta mpya ya mezani kwa kazi za kila siku: ofisi ya uhasibu, duka la steshenari linalochapa na kudurufu, maabara ya shule au meza ya mwanafunzi nyumbani. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, lakini namna ya kupima ni ile ile popote kompyuta zinapouzwa.

Nitajuaje kwamba kompyuta ina thamani ya bei yake?

Gawanya bei kwa idadi ya miaka ambayo unatarajia mashine ifanye kazi yako bila kukukwamisha, kisha linganisha matokeo hayo badala ya kulinganisha bei zilizobandikwa. Tuseme duka moja linauza kwa shilingi 1,500,000 kompyuta ambayo, kwa prosesa yake (ubongo wa mashine) na RAM yake (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea), inaweza kutumika miaka sita, na duka la jirani linauza kwa shilingi 800,000 nyingine ambayo haitavuka miaka mitatu kabla ya kuanza kukataa programu mpya. Ya kwanza inakugharimu shilingi 250,000 kwa mwaka. Ya pili inakugharimu takribani 267,000, na juu ya hapo utalazimika kuhamisha mafaili, kusimamisha kazi na kurudi sokoni mapema. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa hakuna anayeweza kutaja umri wa mashine kwa uhakika, lakini inakuelekeza kwenye swali lenye maana: ndani ya kasha hili, ni kitu gani kitakachopitwa na wakati kwanza, na je, kinaweza kubadilishwa?

Muuzaji ameniambia kwamba ni i7. Je, hilo halitoshi?

Halitoshi hata kidogo, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha zao. Majina kama i3, i5 na i7 yanaeleza daraja la prosesa ndani ya kizazi chake tu, wala hayasemi lolote kuhusu kizazi chenyewe. Intel, kampuni inayotengeneza prosesa hizo, ilianza kuuza za i7 mwaka 2008, kwa hiyo mashine mbili zenye jina hilo zinaweza kupishana kwa zaidi ya miaka kumi.

Tazama tarakimu zinazofuata kistari. Kwenye i7-2600, tarakimu ya kwanza ni 2, yaani kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2011. Kwenye i7-4770 ni kizazi cha nne, cha mwaka 2013. Kwenye i3-12100, tarakimu mbili za kwanza ni 12, yaani kizazi cha kumi na mbili, na prosesa hiyo ilitoka mwaka 2022. Hiyo i3 ina kori (vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa) nne sawa na ile i7 ya mwaka 2013, lakini inaipita kwa mbali katika kazi halisi huku ikila umeme mdogo zaidi. Mnunuzi anayelipa zaidi ili apate i7 ya kizazi cha nne na kuiacha i3 ya kizazi cha kumi na mbili amenunua jina tu.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 Intel imekuwa ikiiacha ile herufi i na kutumia majina ya Core na Core Ultra, jambo lililowachanganya hata baadhi ya wauzaji. Dawa yake ni moja: omba jina kamili la prosesa, pamoja na tarakimu zote na herufi ya mwisho, na uandikiwe kwenye ankara. Herufi ya mwisho nayo ina uzito. Herufi F inamaanisha kwamba prosesa haina sehemu ya michoro ndani yake, hivyo skrini haitaonyesha kitu bila kadi ya michoro ya kununuliwa kando. Herufi T ni ya prosesa iliyopunguzwa matumizi ya umeme, na kasi yake inapungua kwa kiasi fulani. Kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, prosesa kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, yenye kori sita na sehemu ya michoro ndani yake, bado ni chaguo zuri la ofisi iwapo bei imeshuka ipasavyo.

Kwa kazi za ofisi, mimi ningeanzia i3 au i5 ya kizazi cha kumi na mbili au Ryzen inayolingana nayo. Prosesa ndogo kama Intel N100 inatosha kwa kuandika barua na kufungua intaneti, na inakula umeme mdogo sana, lakini isiuzwe kwa bei ya i5.

Nimeona kompyuta mpya yenye kasha la kioo na taa za rangi, imeandikwa i7, na bei yake ni ndogo mno. Kuna siri gani?

Mara nyingi siri iko kwenye mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote ndani ya kasha. Kuna viwanda vinavyoendelea kutengeneza mazabodi mpya za muundo wa H61, ambao Intel iliutoa mwaka 2011 kwa ajili ya prosesa za kizazi cha pili na cha tatu. Fundi huchukua mazabodi hiyo, akaweka prosesa iliyochomolewa kwenye kompyuta ya ofisi ya zamani huko ng'ambo, akaongeza RAM ya DDR3, ya aina ya zamani, kisha akavifunga vyote ndani ya kasha jipya linalometameta. Kasha ni jipya kweli, feni ni mpya kweli, hata mazabodi imetoka kiwandani juzi, ila ubongo wa mashine una zaidi ya miaka kumi.

Madhara yake unayaona ukiitumia. H61 yenyewe haina USB 3.0, ile yenye kasi, kwa hiyo kunakili picha za harusi ya mteja kutoka kwenye diski ya nje kunachukua muda mrefu. RAM haiwezi kuzidi GB 16, na ni ya aina ambayo hutaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine mpya. Prosesa yenyewe haimo kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Ukiona neno i7 limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo na tarakimu za kizazi hazipo, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nitahakikishaje kwamba mashine yenye jina la kampuni kubwa ni mpya?

Usitegemee jina la modeli peke yake. Dell iliuza OptiPlex 7010 mwaka 2012 ikiwa na prosesa za kizazi cha tatu, kisha mwaka 2023 ikatoa kompyuta nyingine kwa jina lile lile la OptiPlex 7010, safari hii ikiwa na prosesa za kizazi cha 12 na 13. Mtu akikutumia ujumbe kwamba anayo «OptiPlex 7010 mpya», huwezi kujua anazungumzia ipi hadi utaje prosesa. Kwa HP mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa namba baada ya herufi G hupanda kadiri toleo linavyokuwa jipya: EliteDesk 800 G1 ni ya kizazi cha nne, G4 ni ya kizazi cha nane, na Elite 800 G9 ilianza na kizazi cha kumi na mbili.

Baada ya hapo, soma siriali namba iliyobandikwa mgongoni mwa kasha, uifungue kwenye tovuti ya mtengenezaji, na utaona tarehe waranti ilipoanza na itakapokwisha. Kompyuta inayosemwa kuwa mpya huku waranti yake ilikwisha miaka minne iliyopita imekwisha kujieleza. Kisha omba programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo ifunguliwe. Inaonyesha saa ambazo diski imefanya kazi tangu ilipotengenezwa. Diski mpya itaonyesha saa chache sana, pengine zile za kiwandani na za kuwekewa Windows tu. Ikionyesha saa 14,000, imeshatumika kwa miaka. Mwisho, tazama vichwa vya skrubu na mapezi ya chuma yaliyo chini ya feni ya prosesa: rangi iliyobanduliwa na bisibisi, au vumbi lililogandamana, havipatikani kwenye mashine iliyotoka kwenye boksi leo.

Ninahitaji RAM kiasi gani?

GB 8 ndicho kiwango cha chini kwa mtu anayetumia Windows 11, kivinjari na Excel kwa pamoja. GB 16 ndicho kiwango ninachokipendekeza kwa mtu anayetaka mashine ikae miaka sita. Uliza pia kama RAM imewekwa kwenye kipande kimoja au viwili, na kama imebaki nafasi ya kuongeza. Vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko kimoja cha GB 16, hasa kama mashine inatumia michoro ya ndani ya prosesa. Kimoja kinakuachia nafasi ya baadaye.

Zamani ilikuwa busara kununua mashine yenye RAM ndogo na kuongeza polepole. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji wao kwenye kompyuta kubwa za akili unde. Kwa hiyo, kabla ya kuchukua yenye GB 8 kwa matumaini ya kuongeza, uliza bei ya kipande kingine siku hiyo hiyo na uijumlishe. Hakikisha pia unajua kama ni DDR4 au DDR5, kwa kuwa haziingiliani.

Je, nichukue SSD ya GB 256 au hadi diski (HDD) ya TB 1?

SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, bila kusita. Hadi diski ya kuzunguka inasoma takribani MB 100 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA (muunganisho wa zamani) inafika karibu MB 550, na SSD nyingi za NVMe (muunganisho mpya zaidi) zinavuka MB 3,000. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kompyuta itawaka kwa nusu dakika au itakufanya uende ukapike chai. Mwenye mafaili mengi aweke SSD kwa ajili ya Windows na programu, kisha aongeze hadi diski ya kuhifadhia. (Usishtuke ukiona diski ya TB 1 ikisomeka 931, ni tofauti ya namna ya kuhesabu kati ya mtengenezaji na Windows, wala hujaibiwa.)

Je, Windows huwa imejumuishwa katika bei?

Si lazima. Kompyuta nyingi mpya zinazoletwa Afrika Mashariki zinakuja na FreeDOS au Ubuntu (ya aina ya Linux), ambayo ni mifumo endeshi ya bure, na ndiyo maana bei yake ni ndogo kuliko ile uliyoiona kwenye tovuti ya nje. Hakuna ubaya wowote katika hilo iwapo umeelezwa. Ubaya unaanza pale muuzaji anapoweka Windows kwa programu ya wizi na kukutoza kana kwamba amekupa leseni. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika slmgr /xpr, kisha bonyeza Enter. Jibu likitaja tarehe ya kumalizika, Windows hiyo imewashwa kwa njia ya muda ambayo kwa kawaida ni ya taasisi kubwa au ya wizi. Jibu likisema ni ya kudumu, hiyo ni dalili njema lakini si ushahidi kamili. Ushahidi ni leseni kuandikwa kwenye ankara.

Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), na kwa Intel inadai kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa hiyo, kompyuta isiyokubali Windows 11 inapaswa kuwa na bei ya chini sana, au iwe ni kwa ajili ya mtu aliyekusudia kutumia Linux. Shule na mtu anayeandika nyaraka tu wanaweza kuishi vizuri kabisa na Ubuntu na LibreOffice (programu za ofisi za bure), na fedha ya leseni ikaenda kwenye RAM.

Je, ninahitaji kadi ya michoro?

Kama huchezi michezo mizito, huhariri video kila siku wala kuchora majengo kwa 3D, huhitaji. Michoro ya ndani ya prosesa inatosha.

Muuzaji ananipa bei ya «fulu seti». Niilinganisheje na bei nyingine?

Itenganishe. Omba bei ya kasha peke yake, bei ya skrini peke yake, kisha kibodi na kipanya. Katika fulu seti nyingi, sehemu dhaifu ni skrini: inchi 18.5 au 19 zenye pikseli 1366 kwa 768, ilhali mtu anayefanya kazi za Excel siku nzima anahitaji angalau 1920 kwa 1080 ili aone safu za kutosha bila kusogeza ukurasa kila dakika. Skrini ndicho kifaa utakachokitazama kwa muda mrefu kuliko vyote, na skrini nzuri huishi kuliko kompyuta mbili, kwa hiyo fedha inayowekwa hapo haipotei. Ukiwa na skrini nzuri nyumbani tayari, kataa fulu seti na udai punguzo.

Ipi ni bora: ya kampuni kubwa au iliyoungwa na fundi?

Iliyoungwa na fundi mwaminifu, kwa vifaa vya kawaida vya sokoni, ina faida moja kubwa: kila kitu ndani yake kinabadilishika. Pawa saplai ikiungua, utapata nyingine Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, siku hiyo hiyo. Kompyuta nyingi za kampuni kubwa, hasa zile nyembamba, zina pawa saplai na mazabodi za umbo la pekee, na kipuri chake kinaweza kuwa cha kuagiza. Kwa upande wa pili, zimejaribiwa vizuri zaidi, hazina kelele, na waranti yake haimtegemei mtu mmoja.

Ukiungiwa, usiruhusu fundi abane matumizi kwenye pawa saplai. Dai yenye alama ya 80 PLUS (ya kutopoteza umeme mwingi) na jina la mtengenezaji anayejulikana, kwa maana pawa saplai mbovu ikiharibika inaweza kuondoka na mazabodi na diski. Katika miji ambayo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, hilo ni jambo la msingi kabisa.

Je, si afadhali ninunue iliyotumika?

Wakati mwingine ni afadhali, na muuzaji wa mpya hatakwambia hivyo. Kompyuta ya ofisi ya kizazi cha nane au cha tisa, iliyosafishwa vizuri, yenye SSD mpya na GB 16 za RAM, inaishinda mashine mpya ya bei ya chini yenye prosesa dhaifu. Mpya inastahili pale unapohitaji waranti ndefu, pale unaponunua kumi zinazofanana kwa ajili ya shule, au pale tofauti ya bei ni ndogo. Chini ya kizazi cha nane, mimi nisingemshauri mtu anunue kwa ajili ya kazi.

Umeme una uzito gani katika hesabu hii?

Uzito wa wastani, lakini wa kila mwezi. Kompyuta ya kisasa ya ofisi inayokula wati 40 kwa saa nane, siku 26 kwa mwezi, inatumia uniti 8.32. Ya zamani inayokula wati 90 inatumia uniti 18.72. Tofauti ni takribani uniti 125 kwa mwaka kwa kila mashine, ambazo utazizidisha kwa bei unayolipia LUKU au tokeni. Mwenye mashine moja hatahisi sana. Shule yenye mashine 20 itahisi.

Weka pia UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, katika bajeti tangu mwanzo. Ya 650VA inatosha kompyuta ya ofisi pamoja na skrini kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza usiichomeke hapo, kwa sababu inavuta umeme mwingi kwa ghafla.

Anayeletewa mashine na ndugu kutoka Marekani akague nyuma ya pawa saplai. Baadhi zina swichi nyekundu ya volti 115 na 230, na ikiwashwa kwenye umeme wetu ikiwa kwenye 115, itaungua papo hapo.

Waranti ya duka inasaidia kitu?

Inasaidia kama imeandikwa. Waranti ya mtengenezaji kwa kawaida ni ya mwaka mmoja au mitatu. Ya duka inaweza kuwa ya wiki mbili, na mara nyingi haigusi pawa saplai wala diski, ambavyo ndivyo vinavyoharibika zaidi. Uliza: ikiharibika, nani anaichukua, inarudi baada ya muda gani, na je, wakati huo ninapewa nyingine? Duka linalotoa majibu yanayoeleweka linaweza kustahili kulipwa zaidi kidogo.

Nikiwa dukani, nifanye nini kabla ya kulipa?

Omba iwashwe mbele yako, na usione haya kuwachelewesha, kwa kuwa fedha ni yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji (Performance), na hapo utasoma jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM pamoja na nafasi zilizotumika, na kama diski ni SSD au HDD. Endesha slmgr na CrystalDiskInfo kama ilivyoelezwa hapo juu. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, la mbele na la nyuma, jaribu spika, kisha fungua kurasa kadhaa za intaneti na video moja kwa pamoja usikilize feni. Piga picha ya skrini inayoonyesha prosesa na ya siriali namba. Kisha lipa, ukidai risiti ya EFD kwa Tanzania au ya eTIMS kwa Kenya, na uhakikishe kwamba ankara inayoambatana nayo ina siriali namba ile ile uliyoipiga picha.